Septante ya Masika

Jumatatu, 2 Juni

Nimeficha karatasi. Miaka mitano imo ndani ya kamusi yangu ya Kifaransa, kwenye herufi S. Watu niliwaambia imeliwa na mchwa. Walikubali. Nani atamshuku mwalimu mstaafu kwa ajili ya mchwa?

Ni karatasi ya matokeo ya fainali ya panier, mchezo wa kutupa mipira kwenye pete, Butembo na Beni. Ikionekana, watu watajua kwamba Masika wa Beni hakukosea. Isipoonekana, atabaki na jina walilompa: Soixante, yaani Sitini.

Basi, nimeandika.

Mengine ya leo ni kama ya jana. Kavira, binti yangu, amenibonyeza mguu kwa kidole gumba, shimo likabaki kama kwenye bugali. Dawa ya kutoa maji saa mbili. Uji. Ukungu haukuondoka hadi saa nne. Mwuguzi amesema moyo umechoka, kisha akanitazama usoni kuona kama nimeelewa. Nimeelewa. Nilifundisha miaka thelathini na saba. Namjua mtu anayepunguza maneno kwa huruma.

Jumatano, 4 Juni

Kakule amekuja. Nitaandika alichosema, lakini kwanza mchezo wenyewe, kichwa kingali changu.

Mashine ya panier iko katika baa ya Mama Kahindo, hatua mia mbili kutoka hapa. Mfanyabiashara mmoja wa mji huu aliileta kutoka China ndani ya kontena, katikati ya vitambaa na vyerehani. Kizimba cha nyavu. Mipira midogo inayorudi yenyewe kwa mteremko. Pete inayosogea mbele na nyuma ili ikuchezee akili. Juu, namba nyekundu. Unapewa dakika moja, na kila mpira unaoingia ni pointi mbili. Mashine ya pili, ndugu yake, iliuzwa kwa baa moja ya Beni. Hapo majigambo yakaanza. Wa Beni wakasema mikono ya Butembo imezoea kuhesabu pesa tu, nao wakajibiwa kwamba mikono ya Beni imelainishwa na mafuta ya mawese.

Njia ya Beni ina hatari, si ya kuipita kwa ajili ya mchezo. Kwa hiyo ligi ilichezwa kwa simu. Jumapili baada ya misa, saa tisa, maana baa zinafungwa mapema. Mchezaji anatupa kwao, mwingine anatupa kwake, na katika kila baa yuko sekretari anayesoma namba nyekundu na kuipeleka upande wa pili. Huku sekretari nilikuwa mimi. Beni alikuwa Masika. Alikuwa akihudumia meza pale. Nilimfundisha mimi mwenyewe, darasa la tatu, shule ya Kalunguta.

Namba tunazisema kwa Kifaransa, kila mtu anajua. Na kila mtu anajua pia taabu ya soixante na septante kwenye simu mbaya. Sitini inageuka sabini, sabini inageuka sitini. Kwa sababu hiyo mimi nilitunga sheria. Sekretari anasema namba, mwenzake anairudisha, kisha inaandikwa. Kwenye fainali, kilichoandikwa kwenye daftari la wenyeji ndicho ukweli. Nilijivunia sheria ile.

Ligi ilikufa mwaka uleule. Sasa inafufuliwa, na Kakule ndiye mwenyekiti wa kamati. Yeye ndiye bingwa wa fainali ile ya mwisho. Anauza vipuri vya pikipiki, na juu ya duka lake pameandikwa Chez Champion, yaani Kwa Bingwa, kwa rangi nyekundu. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda changu, kofia mkononi.

"Tata Mwalimu, kombe tunaipatia jina yako. Coupe Mwalimu. Yenga ya tarehe kumi na tano, nyuma ya misa, tunafungua. Tutakubeba na kiti."

Nikasema asante.

"Mais kuko neno moja. Bale ba Beni banaomba Soixante arudi kwa simu. Batu ba huku banacheka mpaka banalia. Wewe ndiye ulimufundisha. Sema tu: anaweza ao hapana?"

Nilimwambia nitafikiri. Alicheka, akanipiga bega polepole, kama mtu anayegonga yai.

Ijumaa, 6 Juni

Fainali. Niiandike bila mapambo.

Kakule alitupa kwanza. Septante-deux, sabini na mbili. Niliisoma kwa sauti, nikaipeleka Beni, Masika akairudisha: septante-deux. Sheria ilifuatwa. Mwaka ule umri wangu nao ulikuwa septante-deux, watu wakasema mashine imenitambua.

Kisha zamu ya Beni. Mchezaji wao alikuwa Muhindo, mwashi, mikono mirefu kama ngazi. Tulisubiri. Mama Kahindo alizima muziki. Wanaume waliokuwa wakinipita njiani bila salamu walitazama mdomo wangu. Simu ilikuwa sikioni mwangu, na hakuna mwingine aliyesikia.

Masika alisema namba. Simu ilikoroma. Neno lilikuja nusu.

Nikasema kwa sauti: soixante-six. Sitini na sita.

Baa ililipuka. Nilikata simu bila kumrudishia namba. Kakule alivua shati. Walininyanyua mimi, pamoja na kiti nilichokalia, wakanizungusha baa nzima mara tatu wakiimba jina langu. Masika alipiga tena. Na tena. Simu ilitetemeka pajani mwangu muda wote waliokuwa wakinibeba. Sikupokea.

Nilipopokea, alikuwa mwenye baa wa Beni. Walikuwa wameiona namba nyekundu kwa macho yao, watu arobaini: septante-six, sabini na sita. Lakini wenyeji wa fainali tulikuwa sisi, daftari lilikuwa letu. Nikamwambia kwa sauti yangu ya darasani: msichana wako amesema soixante. Nyuma yake nilimsikia Masika akilia, si kwa huzuni, kwa hasira: "Nilisema septante! Mwalimu, nilisema septante!"

Walimwamini nani? Mimi. Si kwamba alidanganya, hapana. Walisema hana masomo ya kutosha, ulimi wake ni wa shambani, amewapotezea kombe kwa kutojua kutamka. Muhindo alimwambia hivyo mbele ya wote. Mwenye baa akamnyang'anya simu. Baada ya wiki mbili akamnyang'anya na meza.

Simu ilikoroma. Narudia. Jumapili mtandao huwa mzito.

Jumapili, 8 Juni. Pentekoste

Padri ameniletea komunyo nyumbani. Kijana mpole, viatu vyenye matope. Kavira alitoka nje ili niungame.

Niliungama. Nilisema: nimesema uongo mara nyingi katika maisha yangu. Akauliza kama kuna jambo linalonisumbua zaidi. Nikasema hapana. Akaniondolea dhambi zote, na mimi nikapiga ishara ya msalaba.

Nimeficha uongo mmoja ndani ya uongo mwingi. Kama mtu anayeficha jani ndani ya majani ya sombe. Nimemdanganya padri siku ya Roho Mtakatifu, kisha nikapokea hostia kwa ulimi uleule.

Jioni nilishindwa kula. Kavira alidhani ni moyo.

Jumanne, 10 Juni

Masika amekuja.

Sikumwita. Alisikia kwamba ninaumwa, akapanda pikipiki ya taxi-moto kutoka Beni na mapapai matatu na chupa ya mawese. Vumbi hadi kwenye nyusi. Ana kama miaka thelathini sasa. Amenenepa kidogo, kicheko ni kilekile cha darasa la tatu. Anauza matunda sokoni. Aliketi chini kwenye mkeka, akakataa kiti.

Nilidhani amekuja kunidai. Nilikuwa tayari. Nilitaka anidai.

"Mwalimu, nimekuja kuomba musamaha."

Nikamwuliza wa nini.

"Wa ile namba. Miaka yote nilikuwa nabisha. Nasema, hapana, nilisema septante. Mais nimefikiri. Mwalimu hawezi kudanganya. Batu bote hawawezi kukosea, mimi peke yangu niwe na haki. Donc ni ulimi yangu. Nilikuletea haya mbele ya batu."

Nilitazama mapapai. Aliona sicheki, akajaribu kunichekesha. Alisimulia jinsi wachuuzi wenzake wanavyomwimbia akipita. Soixante huyu, anaenda wapi? Anaenda kumutafuta septante, alimukimbia! Alisimulia kwamba namba ile haisemi tena. Akihesabu mapapai yakafika sabini, ananyoosha vidole saba, kisha anafunga ngumi kwa ajili ya sifuri. Alinionyesha. Vidole saba, ngumi. Akacheka. Kavira naye akacheka kutoka jikoni.

Kisha akasimama. Mikono nyuma, kama Kalunguta.

"Unisikilize, Mwalimu. Kama iko mubaya uniambie."

Niandike habari ya Kalunguta. Watoto wale waliimeza p ya septante. Nilikuwa nawapanga mstari, namshikia kila mmoja kipande cha karatasi mbele ya mdomo. Sep-tante. P ikisemwa sawasawa, karatasi inatikisika. Isipotikisika, unarudi nyuma ya mstari. Masika alirudi nyuma mara nyingi kuliko wote. Siku karatasi yake ilipotikisika, alipiga kelele, darasa zima likampigia makofi. Tangu siku ile hakuna aliyeitamka p kama yeye. Aliipiga kama mtu anayezima mshumaa.

Alisema leo, hapa, kwenye mkeka wangu: "Septante."

Nikamwambia vizuri.

Akasema: "Basi umenisamehe?"

Nikasema: "Si neno, mwanangu. Nimekusamehe."

Nimemsamehe. Mimi nimemsamehe yeye. Aliondoka amefurahi, akageuka mlangoni kunishukuru kwa lugha ya kwetu: wasingya. Ningependa kufa kabla hajafika njia kuu. Sikufa. Nilikunywa chai.

Alhamisi, 12 Juni

Jana sikuandika. Miguu inatoa maji kwenye ngozi. Kavira ameweka vitambaa.

Leo mwuguzi mpya amekuja, ana fomu. Umri? Nina miaka septante-sept. Nikamwambia sabini na saba, kwa Kiswahili, mdomo ukikwepa kama mtu anayekwepa dimbwi. Mimi pia siwezi tena kuisema. Masika ana vidole, mimi nina Kiswahili sanifu.

Kavira alipokwenda kuchota maji nilivuta kamusi. Ni nzito, niliiweka juu ya tumbo. Karatasi ilikuwa palepale nilipoiacha, kati ya sept na septembre. Sijui kwa nini nilichagua ukurasa ule. Ninajua.

Niliichana kutoka kwenye lile daftari, ina mistari ya bluu. Juu, mwandiko wangu wa wakati ule, mzuri, ulionyooka. Butembo 72. Beni 66.

Lakini ile sita ya kwanza. Wanafunzi wangu wote wanajua naandikaje saba. Naiwekea mkanda katikati ili isifanane na moja. Miaka thelathini na saba nimewapigia kelele kuhusu ule mkanda. Na hapa, chini ya tumbo la sita, mkanda unatoka pande zote mbili, kushoto na kulia, kama mikono ya mtu aliyekaliwa. Wino umepita juu mara tatu au nne. Haukuufuta.

Mkono uliandika saba kwanza. Mkono ulifanya kazi yake.

Nimekaa na karatasi ile hadi niliposikia ndoo mlangoni. Sikuirudisha kwenye kamusi. Iko chini ya mto.

Jumamosi, 14 Juni

Kakule ameleta kombe nilione. Dogo, la rangi ya dhahabu, na kibati: Coupe Mwalimu. Kavira alilia. Alilipangusa kwa kitenge chake, akaliweka juu ya kabati pembeni ya picha ya mama yake.

Kakule akauliza tena habari ya Soixante. Nikasema nitatoa jibu kesho, mbele ya watu.

"Sawa, Tata. Mais usitucheleweshe, batu bana kiu!"

Alipoondoka nilimwambia Kavira. Nilimpa karatasi. Aliitazama muda mrefu, akaipeleka dirishani, akarudi. Alifundishwa na mimi pia. Aliuona mkanda.

Nilidhani atanilaumu kwa ajili ya Masika. Hakunilaumu.

"Tata, ichome. Niko na moto jikoni."

Nikasema hapana.

"Kila mutu katika kartye hii alipita darasani kwako. Batakuja kwa matanga yako kwa heshima. Sasa unataka bakuje juu ya nini? Kucheka? Mimi ndiye nitabaki hapa, hapana wewe. Mimi ndiye bataita binti ya muongo."

Ana haki. Hilo sikulifikiri. Miaka mitano nilifikiri ni mimi na Masika tu.

Hata hivyo amenipigia pasi koti. Alilipiga pasi kwa nguvu, mvuke ukapanda, hakunitazama. Kisha aliiweka karatasi katika mfuko wa ndani, mwenyewe, akafunga kifungo.

Jumapili, 15 Juni

Saa kumi na moja. Nimerudi. Naandika nikiwa bado na koti.

Walinibeba na kiti, watu wanne. Kiti kilekile cha baa, cha mbao, chenye mguu mmoja uliofungwa waya. Waliimba njiani. Mashine imepakwa rangi upya. Mama Kahindo alinibusu mikono. Siku hizi simu inawekwa kwenye spika, kila mtu anasikia. Kutoka Beni mwanaume fulani aliyekuwa akishika simu alisema wamemleta Masika pale, asimame, amsalimie Mwalimu. Watu wa huku wakaguna. Mmoja akapaza sauti: "Soixante, hesabu mpaka septante tusikie!" Kicheko.

Niliomba mikrofoni. Nilisema niliyoyapanga. Kwamba katika fainali ile Beni walipata septante-six. Kwamba kombe lilikuwa lao. Kwamba Masika hakukosea, na kwamba mtu anayefaa kushika simu katika ligi hii ni yeye.

Kisha Kakule akaja, akachuchumaa mbele yangu, uso wa huruma.

"Tata, ni homa. Ni yenyewe inasema, hapana wewe."

Nyuma mtu akasema: "Ni dawa ya maji! Imepanda mpaka kichwani!" Wakacheka tena, kwa upendo. Mama Kahindo alianza kunifunika mabega. Hawakutaka kuniamini. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, si kwa hili. Wangeniacha nife mtu mwema bila shida yoyote.

Vidole vilishindwa na kifungo. Kavira ndiye aliyekifungua. Alikuja kutoka mlangoni, akapita katikati ya watu, akaitoa karatasi na kumpa Mama Kahindo bila neno.

Mama Kahindo aliiinua kwenye mwanga wa mashine. "Iko saba chini ya hii sita. Ona mukanda. Huyu ni Mwalimu kabisa, ni saba yake."

Karatasi ilipita mkono kwa mkono. Kicheko kilikufa meza baada ya meza. Ilipomfikia Kakule aliitazama, kisha akaitazama mikono yake mwenyewe.

"Miaka tano, Tata. Miaka tano kibao iko juu ya duka."

Akaninyooshea karatasi.

"Juu ya nini ulifanya hii?"

Na hapo, mbele ya wote, nikiwa nimefika kabisa, nikasema: simu ilikoroma. Nilisikia nusu. Niliandika saba, nikasita, nikaandika sita. Nilichanganyikiwa.

Nikaona wanavyopumua. "Kumbe ni réseau ya simu!" "Réseau ya Yenga, tunaijua!" Mtu aliniletea maji. Kakule peke yake aligeuka, akatazama mashine. Kwenye spika, kutoka Beni, hakuna aliyesema kitu. Kisha simu ikakatika upande wao.

Walinirudisha kwa kiti. Hawakuimba. Walinibeba kwa sababu siwezi kutembea.

Jumatatu, 16 Juni

Mvua tangu asubuhi. Miguu haiumi leo.

Kakule alipita saa mbili, hakuingia ndani. Kavira alimpa kombe dirishani. Kibati amekibandua, matone mawili ya gundi yamebaki. Amelifunga ndani ya mfuko wa mahindi na kulikabidhi kwa dereva wa pikipiki anayekwenda Beni. Watampa Muhindo. Baadaye Kavira aliniambia kwamba Kakule amepanda ngazi mvuani anapaka rangi kibao cha duka. Ameacha Chez tu. Hajui aandike nini mbele yake.

Jirani mmoja amemsalimu Kavira kisimani. Mwingine hakumsalimu. Ameniambia yote mawili kwa sauti moja.

Saa nne Masika alipiga simu. Kavira alinishikia kwenye sikio. Mtandao ulikuwa safi, nilisikia mvua ya kwao juu ya mabati.

Hakutoa shukrani. Hakuniambia kama wamemrudishia simu ya ligi. Hakusema Mwalimu. Aliuliza jambo moja tu.

"Ile siku. P ilisikika?"

Kavira alikuwa akinitazama. Ningeweza kusema ni mvua, sisikii vizuri. Angeniamini tena, labda. Ni mtu wa kuamini.

Nilikumbuka Mama Kahindo akizima muziki. Nilikumbuka nyuso zile zote, na mimi mstaafu, miaka saba bila darasa, bila mtu wa kunisubiri nifungue mdomo. Nilijua neno gani lingewafanya wanishangilie na neno gani lingewafanya wainuke waende makwao. Nilitaka wanibebe. Ni hilo tu. Sikuwa na sababu kubwa kuliko hiyo.

Simu haikukoroma. Haikukoroma hata kidogo.

Nikamwambia: ilisikika.